Mkwe na Kadi ya Feni Tatu

Pale Kanazi senta hapakuwa na mtu asiyekijua chumba cha gemu cha Marsiana. Mwenyewe alikuwa mjane mwenye meno machache na maneno mengi. Chumba kilikuwa kile cha mbele, ambamo marehemu mumewe alikuwa akihifadhi kahawa, na siku za mvua ukuta bado ulitoa harufu ya magunia. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, pedi mbili za kuchezea, benchi la mbao, na picha ya Moyo Mtakatifu iliyowatazama vijana wakitukanana kwa ajili ya mpira wa kwenye skrini. Marsiana alikaa mlangoni akichambua maharage na kutangaza mechi.

Kutangaza huko ndiko kulikowaleta wengi. Kijana akikosa goli la wazi, Marsiana alisema hana la kushangaa, kwani babake alikosa vivyo hivyo alipokuja kuposa kwao, akapita moja kwa moja mpaka nyumba ya jirani, na jirani akampokea. Kijana akifunga, Marsiana alitaka kujua kama huyo kweli ni wa ukoo ule au mama yake aulizwe vizuri. Watu walicheka mpaka wanaopita na baiskeli za ndizi wakasimama.

Shida ilianza ilipotoka gemu mpya ya mpira. Mashine ya Marsiana ilikubali kuifungua, lakini wachezaji walikwenda kama watu wanaovuka tope wamebeba mikungu. Kipa aliruka leo, mpira ukaingia kesho. Vijana walivumilia kwa sababu ya masihara ya mama, mpaka Sostenes wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la vifaa vya pikipiki, alipofungua chumba chake na kuweka mashine iliyopeleka picha kama maji ya mto Ruvubu. Sostenes hakuwa na masihara hata moja. Alikuwa na kasi tu, na kasi ni kitu kinachokula marafiki.

Ndipo Danstan, mwenyekiti wa vijana, akaja kwa Marsiana na adabu zake zote, akaamkia mara mbili. Alieleza kwamba Kombe la Kata mwaka huu litachezwa kwa hiyo gemu mpya, na kwamba vijana wangependa lifanyike hapa, kwa ajili ya utangazaji. Ila mashine, mama. Jumamosi atapita kuijaribu. Ikiwa bado inasinzia, kombe litavuka barabara.

"Tatizo ni kadi ya grafiksi," alisema. "Ndiyo inayochora picha. Yako imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka," Marsiana akamjibu, "lakini sijawahi kumchelewesha kipa."

Alicheka, ila Danstan alipoondoka hakuendelea na maharage. Kombe likivuka barabara, wateja watalifuata. Wateja wakienda, chumba kitakufa. Na chumba kikifa, binti yake Irine alikwisha kutamka neno lake: mama atafunga nyumba ya Kanazi na kuhamia kwake Biharamulo mjini.

Mtu mwingine angeshukuru. Irine aliolewa na kijana mzuri, Wiston, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, na nyumba yao ilikuwa na vigae na bomba la ndani. Lakini Wiston alikuwa mkwe. Katika ukoo wa Marsiana, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, wala hawasemezani bila mtu katikati. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani kuangalia hali ya vichaka. Wapo waliokwisha kuiacha desturi hiyo, wanakula na wakwe zao sahani moja kama wanafunzi wa bweni. Marsiana hakuwalaumu, ila yeye alimstahi marehemu mumewe kwa kuishika mbele ya mama yake mzazi, na Wiston naye aliishika kwa nguvu zote, kwa kuwa alimpenda mkewe. Tangu harusi, mama na mkwe walikuwa hawajaambiana hata neno moja.

Sasa utahamiaje kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba akikohoa sebuleni wewe inabidi uingie uvunguni? Korido ile ilikuwa moja, na choo kile kimoja. Marsiana aliuona uzee wake wote ukiishia nyuma ya pazia, akisubiri mkwe amalize kupiga mswaki.

Akampigia Irine. Akamwambia amuulize mumewe kadi gani itafaa, kwani ana fedha za maharage na za mbuzi, si nyingi, lakini ni zake. Irine akauliza, akarudisha jibu siku hiyo hiyo. Wiston amesema mama asitoe hata senti. Atamletea kadi mpya kabisa, ya feni tatu za kuipoza, kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia wilaya ya Ngara. Ila itachukua muda kidogo, labda mwisho wa mwezi.

"Na ndogo yake je?" Marsiana akauliza. "Ya feni mbili, ya mtumba?"

Irine akasema mama asimtie aibu. Mkwe gani huyo anayempelekea mama mkwe mtumba? Watu wa Kanazi watasemaje?

Marsiana alikata simu akiwa hana raha. Kwanza, mwisho wa mwezi Kombe la Kata litakuwa limekwisha kuchezwa, kunywewa na kusahauliwa. Pili, Wiston hakuuliza swali lolote kuhusu mashine. Ni kweli aliiunganisha yeye mwenyewe mwaka aliooa, kutoka vipande vya mashine kadhaa zilizokufa, lakini fundi wa kweli huuliza, hata kama jibu analijua. Asiyeuliza ana jambo analolionea aibu. Na mkwe mwenye aibu hawezi kukwambia ukweli, kama vile mgeni hawezi kukwambia mboga ina chumvi.

Alilipindua jambo hilo siku nzima. Yeye Marsiana hawezi kumuuliza. Lakini mteja yeyote anaweza. Na huyu kijana sauti ya mama mkwe wake aliisikia lini? Alikuwa na laini ya pili kwenye simu, ile ya vifurushi vya bei nafuu, ambayo hata Irine hakuwa na namba yake. Kesho yake asubuhi akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, mahali pasipo na mashahidi ila kuku, akapiga.

"Kibanda cha Wiston," ikasema sauti.

"Fundi, mimi ni mama mmoja wa huku Murukulazo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe huwadanganyi watu. Nimepiga nione kama ni kweli."

Wiston alicheka. Marsiana hakuwahi kumsikia akicheka karibu hivyo, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, cha mtu aliyeshiba. Akamweleza kwamba ana chumba cha gemu, kwamba kipa wake anachelewa, na kwamba anataka kadi. Wiston akamtajia tatu. Ile ndogo, iliyotolewa kwenye kompyuta za ofisi, laki moja na nusu. Ya kati, ya mtumba, feni mbili, laki tatu na nusu. Na ile mpya ya feni tatu, milioni moja na laki mbili.

"Nipe hiyo ya feni tatu," Marsiana akasema, kumjaribu.

"Haraka ya nini, mama? Kwanza angalia nyuma ya skrini yako, wameandika picha ngapi kwa sekunde?"

Marsiana akatoka migombani, akaingia chumbani, akainama nyuma ya skrini huku magoti yakilalamika. Ilikuwa sitini.

"Basi sikiliza," Wiston akasema. "Ya feni tatu itachora mia na hamsini kwa sekunde. Skrini yako itapokea sitini, zilizobaki zitamwagika. Utakuwa umenunua mvua nzima na ndoo unayo moja."

"Na ile ndogo?"

"Hiyo kwa gemu mpya itakupa ishirini, siku ikiwa imeamka vizuri. Utaokoa laki mbili halafu utapoteza wateja wote. Bei rahisi yenye hasara ndiyo hiyo. Ya kati itajaza ndoo yako mpaka ukingoni, basi. Kila shilingi unayoongeza juu yake inamwagika, na kila unayopunguza unaiona kwa macho."

Marsiana alipenda maneno yale. Hakuna aliyewahi kumweleza bei namna hiyo, si dukani, si mnadani. Wiston akamwuliza pawa saplai yake, kile kisanduku cha kuipa mashine umeme, ni ya wati ngapi, maana kadi kubwa hula umeme kama mgeni wa msibani, na mashine yenye pawa saplai ndogo huzimika kazi ikinoga.

"Subiri niifungue," Marsiana akasema, akiwa amenoga na yeye. "Ubavuni kuna bati. Kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, kimepigwa ribiti, kina picha ya alizeti. Nani alifanya ushenzi huu sijui. Haya, imeandikwa mia nne."

Simu ikanyamaza.

"Fundi, umekufa?"

"Nipo, mama," sauti ikarudi polepole. "Mtandao tu."

Kisha Wiston akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa mama wa Murukulazo anaonekana mtu wa busara, yeye naye angeomba ushauri. Ana mama mkwe, huko Kanazi. Mashine yake inafanana na hii. Inafanana sana. Kadi inayomfaa ni hiyo ya kati, hilo halina ubishi. Lakini ameshindwa kumpelekea mama mkwe mtumba, kwa hiyo ameamua kumpa ya feni tatu, na ili aipate ameitangaza pikipiki yake aiuze.

Marsiana akakaa kwenye benchi. "Hiyo ya feni tatu itaingia kwenye mashine yake?"

"Haiingii. Ni ndefu, itabidi nikate kasha."

"Na pawa saplai?"

"Itazima mashine kila goli likifungwa."

"Na hayo yote unayajua."

"Nayajua, mama."

"Na pikipiki unauza."

"Ni heshima, mama."

Marsiana aliziba simu kwa kiganja, akacheka mpaka chozi likatoka. Alipopata pumzi akasema kwamba huyo mama mkwe anamfahamu, huwa wanauziana maharage. Ni mwanamke mbaya, mdomo wake haufungwi hata kwa kufuli la bohari, ila si mjinga. Ukimpelekea kitu cha kuzima mashine, kila kikizima atakiona kile kipikipiki chako kikiondoka na mtu mwingine. "Hiyo si heshima, mwanangu. Hiyo ni kumtwisha mtu mzigo halafu unamwambia ni kofia."

"Nitamwambiaje? Sisi hatusemezani."

"Si una mke?"

"Mke wangu ndiye aliyechagua feni tatu. Amekwisha kuwasimulia wenzake wa kwaya nzima."

Hapo Marsiana alimwonea huruma. Irine alimzaa mwenyewe, alijua ubishi ule ulitoka kiuno gani. Akamwambia fundi jambo ni rahisi. Yeye, mama wa Murukulazo, ananunua hiyo ya kati. Fundi ataipeleka kwa mama mkwe wake Kanazi, kwa kuwa Murukulazo njia ni mbaya, na ataijaribu palepale kwenye mashine ya huyo mama. Ikikubali, asiitoe mpaka mwenyewe aje kuichukua.

"Na mwenyewe akichelewa kuja?"

"Mwenyewe ni mtu wa kuchelewa sana," Marsiana akasema. "Sasa tuzungumze bei. Laki tatu na nusu ni bei ya kumwambia mtu unayemchukia."

Wakavutana. Ilikuwa vuta nikuvute ya raha, kama watu wawili wanaokunywa pombe ya rubisi chungu kimoja. Marsiana alimwita bahili, akamuuliza kama mkewe naye humkatia chakula kwa rula. Wiston akasema mkewe amefundwa na mwanamke hodari, hawezi kupunjwa. Walifika laki tatu, na gharama ya kuifunga juu ya fundi. Marsiana akatuma fedha kwa simu palepale, akarudi kwenye maharage yake akijiona ni mwerevu kuliko wote waliowahi kuvuka mto.

Ijumaa Wiston na Irine walifika kwa pikipiki ileile ambayo bado ilikuwa yao. Marsiana, alipousikia mngurumo, aliingia jikoni, nyumba ndogo ya ubavuni iliyopakana na chumba cha gemu kwa ukuta wa udongo usiofika juu. Irine alimfuata huko amenuna. Alinong'ona kwamba hamwelewi mume wake, amekuja na kadi ya mteja fulani wa Murukulazo, ati kuijaribu, na ile ya feni tatu haizungumzii tena. Marsiana akamwambia wanaume wana siri zao, amenye ndizi.

Upande wa pili wa ukuta ilisikika bisibisi ikifanya kazi. Kisha Wiston, ambaye kwa kawaida katika nyumba ile hakutoa sauti hata ya kupiga chafya, akaanza kuzungumza na mashine.

"Habari za siku nyingi, alizeti," alisema. "Unanikumbuka? Nilikukata kwa mkasi wa cherehani wa mke wangu, akaninunia wiki nzima. Na juzi nimesikia mtu anauita ufundi wangu ushenzi."

Kisu kilisimama mkononi mwa Marsiana. Kopo lile. Alikuwa amemsomea fundi kazi ya mikono yake mwenyewe, alizeti na ribiti zake. Na zile fedha alizozituma kwa simu, si zilifika na jina lake lote, la ubatizo na la ukoo? Alirudisha moyoni kila neno alilolisema migombani na kwenye benchi. Alimwita mkwe bahili. Alivutana naye bei. Alimuuliza habari za sahani ya mkewe. Mababu wote wa Kanazi lazima walikuwa wamekaa wima huko waliko. Joto la aibu lilimpanda mpaka masikioni, na nyuma yake kikapanda kicheko. Akajaza khanga mdomoni.

Irine akauliza kama mama amekabwa na kitu.

Marsiana akameza kicheko, akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa maganda mlangoni, akasema kwa sauti ya kuruka ukuta: "Wewe kuku, mtu akijua tangu mwanzo halafu akanyamaza, huyo si ndiye mwongo mkubwa zaidi?"

Bisibisi ikatulia. "Alizeti," Wiston akasema, "mimi ningefanyaje? Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia ukweli kuhusu pikipiki."

"Kuku, mwenye kadi akikosa kuja kuichukua, kadi inakuwa ya nani?"

"Alizeti, mimi nadhani inakuwa ya nyumba."

Irine aliangalia kuku, akaangalia ukuta, akamwangalia mama yake. Alikuwa mtoto wa Marsiana, hakuhitaji kuelezwa mara mbili, ingawa ilimchukua ndizi mbili tatu kuelewa. Akasema kwa hiyo kwaya atawaambia nini. Marsiana akamshauri awaambie kwamba mumewe ana akili, jambo ambalo ni adimu kuliko feni.

Jumamosi Danstan alikuja kuijaribu mashine. Kipa aliruka na mpira ukaja siku ileile. Wachezaji walikimbia kama wamesikia mvua inakuja na mahindi yao yapo uani. Danstan alitoka nje akawapigia wenzake simu, na jioni chumba kilijaa mpaka watu wakatazama kwa dirishani. Kombe lilipochezwa, hata Sostenes alivuka barabara, akalipia kiti kama watu wengine, na kijana wake alipokosa penalti Marsiana alitangaza kwamba penalti hiyo imevuka barabara imerudi nyumbani. Sostenes alicheka kwa mara ya kwanza tangu afungue duka.

Jumatatu yake Irine alipiga simu, akauliza kwa upole kuhusu ile habari ya kuhamia Biharamulo. Vyumba vipo, vigae vipo. Marsiana akamwambia wateja hawampi nafasi hata ya kukuna kichwa, atamjibu akipata muda, na muda wenyewe hauonekani.

Halafu akaenda migombani, akabadilisha laini.

"Fundi, ni yule mama wa Murukulazo."

"Shikamoo, mama. Nilijua utapiga. Kadi yako hujaja kuichukua."

"Njia mbaya. Nimepita kwa huyo mama mkwe wako, kanipa salamu zako. Anasema umefanya kazi nzuri, ila ribiti ziongeze."

"Nitaongeza. Na ile habari ya kuja kuishi kwetu, amesemaje?"

"Amesema haji. Chumba kimejaa, ana kazi."

Wiston alishusha pumzi ndefu, ikasikika mpaka Kanazi. "Mwambie nimesikitika sana."

"Nitamwambia. Umesikitika kiasi gani, nisije nikapunguza?"

"Kiasi cha kuimba, mama."

"Basi imba," Marsiana akasema, akaketi juu ya gogo la mgomba apate kumsikiliza vizuri.